Diski ya Mume Wangu Haijafa, Nimeichomoa Mimi

Shangazi mshauri, shikamoo. Kwanza uniwie radhi, barua hii ilitakiwa ikufikie wiki tatu zilizopita, nimeianza mara nne na kila nikishika kalamu mtoto anaamka, na kusema kweli hata alipolala niliogopa.

Naomba msaada, nimemficha mume wangu jambo. Tuna kompyuta moja na ndani yake mna diski mbili, moja yangu yenye mfumo wa zamani unaoendesha programu yangu ya kutarizi, nyingine yake, aliyofungiwa na fundi, yenye mfumo wa kujifunzia kutengeneza programu, maana mchana anafundisha hesabu na jioni naye ni mwanafunzi. Ukiiwasha inakuuliza unataka mfumo upi, inakusubiri sekunde kumi, usipojibu inakwenda kwa mume wangu. Sasa Shangazi, sekunde kumi kwa mwenye mtoto wa miezi saba ni nini? Nawasha, mtoto anacheua, namfuta, nikigeuka tumeshafika kwa baba yake, nazima naanza upya. Wifi yangu hunicheka, eti kompyuta yetu ina uke wenza na mke mdogo ndiye anayependwa.

Siku moja nina nembo arobaini za sare za shule, nimepitwa mara tatu, nikazima, nikafungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi ya cherehani, nikachomoa waya wa diski yake. Ikawaka moja kwa moja kwangu, haikuuliza kitu. Nilikusudia kuurudisha kabla hajaja. Akarudi mapema, akawasha, akaona imekwenda kwangu bila kuuliza, akasema, "Mke wangu, diski yangu imekufa kifo cha ghafla, hata haikuugua." Nikacheka kwa jinsi alivyosema, na nilipomaliza kucheka nafasi ya kusema ilikuwa imepita.

Hana hasira, na ndicho kinachoniuma. Anaogesha mtoto huku anapiga mluzi, anaandika masomo yake kwenye daftari. Tunaishi vizuri, sina la kumlaumu. Lakini juzi ameniomba Jumamosi aigawe diski yangu nusu kwa nusu ili naye apate pa kukaa, na kazi hiyo ikikosewa michoro yangu ya miaka mitano imekwenda. Nikikataa nitaonekana mchoyo, nikikubali nitaiponza michoro kwa ajili ya diski ambayo wala haiumwi.

Tafadhali nitumie maneno ya kuanzia kumwambia, yawe machache. Namna ya kurudisha waya bila kuunguza kitu. Na njia ya kuifanya kompyuta isinikimbize.

Mtarizi mwenye mtoto

*

Marahaba, binti yangu. Nilianza kucheka, nikaacha nilipofika kwenye daftari. Kuchomoa waya ni uchovu, na uchovu nausamehe. Kumwacha mwenzako afanye matanga ya kitu kizima, hilo sikusamehei mimi, akusamehe mwenyewe.

Maneno yako ndiyo haya: "Diski yako haijafa, niliichomoa mimi. Nilichoka. Nisamehe." Ishia hapo. Usimtaje mtoto wala wifi mpaka naye aseme. Ukianza na sababu, ataona unajitetea.

Michoro ya miaka mitano inakaa mahali pamoja tu? Hapo nakugombeza kweli. Inakili yote kwenye diski ya nje, ile ya kubeba mkononi, na ufungue michache uone kama inafunguka. Kisha zima kompyuta, chomoa plagi ukutani, gusa chuma cha kasha lake ili umeme wa mwilini ukutoke, ndipo urudishe waya. Fanyeni pamoja, yeye amulike.

Kukimbizwa nako kuna dawa. Kuna ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya mfumo wowote, ukibonyeza kitufe chake mara tu kompyuta inapowaka. Humo wekeni diski yako iwe ya kwanza. Yeye akitaka yake, abonyeze kitufe cha kuchagua diski wakati kompyuta inawaka, aghalabu majina ya vitufe hivyo huonekana chini ya kioo. Mwenye mikono miwili mitupu ndiye abonyeze. Na Jumamosi hakuna kugawa chochote. Kila mfumo kwenye diski yake, ili siku diski moja ikifa kweli, nyingine ibaki.

Mwambie leo, akishavua viatu. Akicheka, cheka naye. Akinyamaza, usimwandame. Wewe umenyamaza karibu mwezi. Yeye mpe jioni moja.