Mashini ya Mwadi na Nyumba ya Manika

Kolwezi, wakati ya mvua

Ngoy,

Mama hakatiwi simu. Hata ukiwa na mvi, hata ukiwa unabeba jina ya baba yangu. Nilisema tu "nyumba ya Manika", simu ikakufa kwenye sikio yangu. Basi nimetafuta karatasi. Soma mupaka mwisho, na kama macho inakusumbua, mupe muke yako akusomee kwa sauti, naye ajue aliolewa na nani.

Sasa nakusalimia. Kifua iko namna gani? Unakunywa yale majani nilikuachia ao umetupa? Mi niko muzima, ni magoti tu inalalamika. Mwadi ananilisha vizuri kuliko wewe.

Ulinituma huku nimuchukue mutoto wako, auzishe mashini yake ya kuchonga mbao, arudi Kongolo aolewe. Nami nilikuya kugombana kweli. Nilisimama kwenye mulango ya atelie yake, pale anafanyia kazi ya mbao, nikasema: "Mwadi, randa iko wapi? Jasho iko wapi?" Akanichekea mi nyanya yake: "Kambo, ingia kwanza. Utanitukana ukiwa umekaa."

Nikakaa, nikaona. Wewe unatukana kitu haujaona. Ni meza pana kama kitanda ya bibi-arusi. Juu yake kunapita daraja ya chuma, na kwenye daraja kunaninginia meshi, kale kachuma ka kukata, inazunguka mupaka hauioni tena. Mwadi anachora kwanza kiti kwenye ordinatere, ile kompyuta yake. Anakaza libao ya muti ya mulombwa juu ya meza. Kisha anaweka karatasi nyembamba chini ya meshi, anaishusha polepole huku anavuta karatasi. Inapita. Anashusha tena kidogo. Inakwama. "Hapo," anasema, "hapo ndiyo mbao inaanzia." Mi mwenyewe nilikuwa nimeshika pumzi.

Siku moja kuran, ule umeme, ilikatika katikati ya kazi. Nikapiga kelele, nikijua libao imeharibika. Yeye hakushituka. Kuran iliporudi, alirudisha meshi kwenye ile kona alianzia, ikapita tena mulemule katika njia yake, bila kukosa hata upana wa unywele.

Ulisema mashini inafanya yote na mutoto anakaa kuitazama. Bongo, uongo mutupu! Meshi inazunguka, haijui kona. Kila tundu ya kuingizia muguu ya kiti inabakia na pembe za mviringo, na muguu ya pembe ine haiwezi kuingia. Hapo Mwadi anazima mashini, anatoa patasi, anachonga kona moja moja kwa mukono. Niliona kidole gumba yake imelala juu ya chuma ya patasi, palepale unawekaka yako. Nilikohoa kusudi asitazame uso yangu.

Lakini mine, ile kampuni ya kuchimba, inatufukuza. Banataka shaba iko chini ya nyumba zetu. Ukuta zote za kartie, mutaa yetu nzima, zimepakwa alama nyekundu, hata ya atelie. Mvua ikiisha, banabomoa. Bantu banatawanyika, huyu Mutoshi, huyu kwa dada yake Likasi. Ile kundi ya bamama benye kukaa pamoja kwenye kilio wakati muntu amekufa, kila mumoja amemuomba Mwadi kitabureti, kiti kidogo cha kukalia, yenye jina yake imechongwa juu. Banasema: hata tukae mbali, kilio ikituita, kila mumoja atakuya na yake. Mama Kabedi, jirani yetu, akanichokoza: "Kambo, hata mashini inajua kuandika kukupita!" Nikamujibu: "Ndiyo, lakini haijui kutukana. Sogea nikufundishe." Alicheka mupaka kitambaa ya kichwa yake ikaanguka. Na mi Mwadi alinichongea; nilipitisha kidole ndani ya jina yangu kwenye kitabureti yangu. Herufi zimesimama sawasawa kama batoto ba shule ya masista. Sijaiandikaka vizuri vile hata siku moja.

Sasa fungua masikio. Mashini hii haikai chini ya hema. Mvua ikiinyea, imekufa, na kazi ya mutoto imekufa nayo. Inataka bati isiyovuja, chini simenti, na kuran. Nyumba yako ya Manika, hapa hapa Kolwezi, iko na vyote, na umeipiga kufuli. Popo ndiyo bapangaji.

Wewe nawe ulifukuzwaka. Kazi ya mine ilipoanguka, bakakutoa kwenye nyumba ya kambi, ukafika kwangu na muke na sanduku ya vyombo. Nilikupa jiko yangu uweke meza yako ya useremala. Mi nikapika inje, mvua inazima moto, nawasha tena. Nilikuambia uuzishe kwanza randa? Sema.

Sitamuleta Mwadi, na mi sirudi mupaka mashini ilale pakavu. Salimia muke yako, mwenye akili ya nyumba. Dada yangu Feza asichinje kuku zangu kwa sababu siko. Mudogo wako mwalimu wa dini atuombee; magoti yake ingali mazuri.

Ni mi mama yako,
Kalenga

Shemeji yako mwenye kutumika kwenye gari moshi atapita Kongolo na barua hii. Usimuache aondoke mikono mitupu: mupe ufunguo ya Manika, na usinipigie simu kabla ya kuutoa.