Vidonge vya Patroni

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Patroni hajabweka tangu juzi. Mbwa aliyekuwa akifukuza hata upepo! Nimemwita Donat, daktari wa mifugo, akaja na pikipiki kutoka Nengo. Akamfunua mdomo — ufizi mweupe kabisa. Ugonjwa wa kupe. Kaacha antibiotiki, kidonge kila asubuhi, siku ishirini na nane. "Itamuvuruga tumbo, maman. Atatapika, atakataa kula. Musikate dawa, munipigie. Na maziwa hapana — inazuia dawa isiingie mu damu."
Mume wangu, mzee Rutagengwa, alikuwa Rubona. Aliporudi aliona vidonge, ila maneno ya daktari sikumsimulia. Ya nini? Siku zote anasema mbwa ni kengele ya geti tu.

Jumatano, 11 Septemba
Ametapika mara mbili. Mara ya pili ndani ya kiatu changu cha kanisani! Nikamfokea, akanitazama kwa macho yale... nikamwomba radhi mimi. Rutagengwa anang'aka: dawa gani inamuumiza mgonjwa? Anataka tuache. Nimempigia Donat. Tuendelee, ila ale ugali kwanza, ndipo kidonge.

Ijumaa, 13 Septemba
Hatapiki tena. Wala hanyanyuki.

Jumamosi, 14 Septemba
Donat amerudi, amekuna kichwa. Siku ya sita — angekuwa ameshasimama. Ufizi bado mweupe. Akaniuliza kama kweli anameza. Anameza! Namshika taya mwenyewe.
Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumapili, 15 Septemba
Nimetoka kanisani mapema, kichwa kiliniuma. Rutagengwa alibaki nyumbani, eti goti. Nikamkuta jikoni, sakafuni, kichwa cha Patroni pajani mwake, anamlisha ikivuguto, maziwa mgando, kwa kijiko. Kijiko cha wageni!
"Tumbo inamuchoma, mama Gwiza. Maziwa itapoza."
Kumbe kila asubuhi, nikishatoka tu. Na kwetu hapa nani ameugua asipewe maziwa? Nikamweleza maneno ya Donat. Kijiko kikabaki hewani.
"Donc, ni mi namuua?"
Halafu akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nilimwamini aliposema mbwa ni kengele tu! Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, bado nadanganyika. Tumelia wote wawili, wajinga sisi.

Jumatatu, 16 Septemba
Donat kasema tuhesabu leo kuwa siku ya kwanza. Damu imepungua mno, hatuna nafasi ya kukosea tena. Ugali umeingia kidogo, na sambaza watatu, vile visamaki vya ziwani. Kidonge pia. Kikikaa tumboni saa nzima, hatutahitaji kukirudia.
Dakika arobaini sasa. Rutagengwa kamwekea kiganja tumboni. Patroni anameza mate. Anameza tena.
"Vumilia, mutoto yangu."
Mutoto! Nimemzalia wanne, hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa hivyo mbele yangu.
Patroni ameinua kichwa. Tumbo linavuta, linavuta — nikachukue beseni? Mzee ananionyesha kwa mkono nisisogee, nisimshtue.