Geji ya Pili

Baba yangu,

Shikamoo. Mdomo umezoea, nami sitaukataza.

Lile trekta kuukuu la mkulima wa Ruvu bado liko gereji kwetu Msimbazi, pale ulipoliacha. Likiwa baridi presha ya oili inakaa vizuri. Likipata moto, mshale unalala. Ami Shomari, mdogo wako, anayeliita trekta hilo "mzee", alitaka kufungua injini siku ileile. Ukamcheka: "Shomari, we fundi au mchinjaji? Geji nayo inadanganya. Funga nyingine kwanza."

Ulichomoa kijiti cha kupimia oili, ukaisugua oili kati ya vidole, ukanusa kama imeingia dizeli, kisha ukanipa nami ninuse. Oili ilikuwa nzima. Geji ya pili ukasema tutaifunga kesho. Kesho yake ukaanguka ukinawa mikono.

Hospitali nesi alikufunga ule mpira mkononi, akasema presha ya mzee imeshuka sana. Nikamwomba alete mashine nyingine. Akanitazama kwa huruma, akaleta. Ikasema hivyohivyo. Nikasema labda mpira unavuja. Ami akanishika bega: "Basi, mwanangu. Basi."

Tangu hapo neno presha linanitisha, Baba. Mteja akilitamka, nageuka. Ovaroli yako iko palepale msumarini, na nikipita peke yangu naona kama inahema. Sithubutu kuiondoa, wala Ami hathubutu kuniambia niiondoe.

Wiki hii tulifunga ile geji ya pili. Injini ikapata moto, mshale ukalala vilevile. Safari hii geji haikudanganya. Tukashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Chujio safi, pampu nzima, ila metali za krenki zimelika mpaka shaba inaonekana; presha ilikuwa inapotelea hapo. Tukaweka mpya, tukajaza oili.

Leo mchana niliwasha, nikaingia ndani kurudisha spana. Tulikuwa tunangoja ipate moto. Kariakoo nzima ilikuwa inapiga kelele zake, lakini sauti ya Ami ilizipita zote:

"Njoo! Presha ya mzee imepanda! Imekaa!"

Spana ilinidondoka. Nilikimbia, Baba, nikicheka na kulia, moja kwa moja hadi kwenye kile kiti chako cha gereji, na nilikuwa nimeshanyoosha mkono nikushike ndipo nikakumbuka ni mzee yupi.

Pumzika, Baba. Injini imepona.

Binti yako wa gereji