Nilimwambia Mama Yake Anakunywa Uji

Alhamisi. Ukungu umeshuka tangu alfajiri, na hata sasa jua limekwama huko juu, mikorosho ya jirani siioni. Baridi ya Newala inajua magoti yangu yalipo. Lakini leo si magoti yanayouma.

Tumaini ameondoka.

Amekunja shuka, amefagia chumba, ameniinjikia maji ya kuoga, kisha akatoka na begi lake bila kuniaga. Mjukuu niliyemlea kwa mikono hii. Nilimsikia akifungua mlango, nikalala kimya kama mwizi.

Mimi shule sikwenda. Herufi nimezijulia kwenye kitabu cha nyimbo kanisani, nikifuata kidole cha jirani yangu wa kwaya. Nikikosea msinicheke. Au chekeni, leo sijali. Ninaandika kwa sababu mzigo nilioubeba wiki nne nimeutua jana, na nilipoutua umemwangukia mwingine.

Kwa asiyemjua, Tumaini ni mtoto wa binti yangu Esta. Kazi yake ni kuongoza okestra huko Ulaya. Okestra ni watu sabini, themanini, wana fidla, wana tarumbeta, wana ngoma kubwa kama pipa, na yeye husimama mbele yao na kijiti. Mara ya kwanza aliponionyesha kwenye simu nilimuuliza, "Sasa wewe unapiga nini?"

"Sipigi kitu, Bibi."

"Na umewapa mgongo wazee wazima waliokaa?"

"Ndivyo inavyofanyika."

"Ama kweli mke mwenzangu umepata kazi. Kunyamaza na kukosa adabu, na makofi unapigiwa!"

Alicheka mpaka simu ikamtoka mkononi.

Baadaye nikaelewa kwamba si mchezo. Alianza mtoto, hapo Masasi, Mkomaindo tulipokuwa tunakaa. Mwalimu wa kwaya ya watoto alimsimamisha mbele kwa sababu yeye peke yake alikuwa anasikia sauti ya pili ikiteleza kabla haijateleza. Shule ikamchukua, Dar ikamchukua, ndege ikamchukua. Huko akawa msaidizi, miaka na miaka. Anawafundisha watu wale juma zima, nota kwa nota, halafu siku yenyewe anakuja bwana mkubwa, anachukua kijiti, Tumaini anakaa nyuma kushika karatasi.

Hakutaka kukaa bure. Akajifunza na upande wa pili, umeneja. Kutafuta kumbi, kupanga safari, kuandika mikataba. Mpiga tarumbeta akiumwa jino, simu ni kwake. Wawili wakigombea kiti cha mbele, kesi ni kwake. Nilikuwa nikimtania kwamba amekuwa mjumbe wa nyumba kumi wa wapiga fidla. Na kila mwaka ananiambia, "Bibi, labda mwakani."

Mwakani yake ikafika mwaka huu. Bwana mkubwa wa okestra moja kubwa akaugua, wakamwambia Tumaini, Jumamosi utaongoza wewe, na wenye kuchagua watakuwa wamekaa pale wanakutazama. Ikienda vizuri, okestra ni yako, kijiti na ofisi.

Juma hilo hilo Esta akalazwa Masasi. Figo.

Jumanne Tumaini akapiga simu. "Shikamoo Bibi. Mama anaendeleaje? Nije?"

"Marahaba. Uje ufanye nini, wewe daktari? Mama yako anakunywa uji."

Esta alikuwa hajameza hata maji tangu Jumapili.

Alhamisi asubuhi, wakati manesi wanapokezana zamu, mwanangu akafa. Nikamfunga kidevu mwenyewe. Kaka yangu Lukasi akaja. Yeye ndiye mjomba wa Esta, na kwetu sisi mjomba ndiye mwenye neno, hakuna jeneza linalotoka bila yeye. Akaniuliza swali moja tu, "Mtoto ameambiwa?"

Ningesema hapana, angesimamisha kila kitu. Angempigia aje, angezuia jeneza hata siku tano, maana binti ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Na Jumamosi ya Tumaini ingekufa pamoja na mama yake.

Nikasema, "Ameambiwa. Amesema zikeni, kazi haimruhusu."

 Kaka akaenda kutafuta gari. Ijumaa tukazika kwetu, Chilangala.

Jumamosi nikatazama okestra kwenye simu. Nilijifungia chumbani, msiba uko nje, wanawake wanaimba. Tumaini alivaa nguo nyeusi, akanyanyua mikono, na watu wote wale wakavuta pumzi pamoja. Sijui muziki ule ulikuwa unasema nini. Ulipokwisha watu wakasimama, ukumbi mzima.

Na mimi nikapiga makofi. Mwanangu ana siku moja tu udongoni, mimi nina kanga ya msiba kiunoni, nikapiga makofi.

Nilikuwa najiambia nimefanya kwa ajili ya mjukuu. Leo niseme kweli. Nilifanya na kwa ajili yangu. Mimi niliyefukuzwa dirishani pa darasa nikiwa mdogo, nilitaka kitu kilichotoka kwenye tumbo langu kisimamiwe na kupigiwa makofi na watu wasionijua. Nilikwisha kutangaza kanisani kote. Nilitaka Jumamosi ile kama mlevi anavyotaka pombe.

Jumapili akapiga, sauti imejaa furaha. Wamemchagua. Nikamwambia njoo, mama yako hali si nzuri. Kwetu habari ya kifo haisemwi kwa simu, na hasa kwa mtu aliye safarini peke yake. Husemwa uso kwa uso, umeketi, mzee yuko karibu na mtu wa kukushika yuko nyuma yako. Hapo sikukosea, ndivyo tunavyofanya. Lakini mila ile nilijifichia ndani yake kama panya kwenye ghala.

Alipofika Jumatano, nilimpokea mwenyewe kabla hajaonana na kaka, nikamketisha, nikamwambia. Sitaandika alivyolia.

Halafu wanawake wa ukoo wakaanza. Nafasi ya binti ni kichwani pa mkeka, karibu yangu. Wao wakamkalisha mlangoni kama mgeni aliyepita kuomba maji. Hakuna aliyemnyoa nywele, kama anavyonyolewa mfiwa. Mama Sofia, binti wa marehemu dada yangu, akatema mate pembeni na kusema mbele ya watu, "Haya, meneja! Simama basi utuongoze na sisi kulia, si ndiyo kazi yako?"

Wengine wakacheka kwenye kanga zao.

 Tumaini alidhani wanamlaumu kwa kubaki kazini mama yake akiumwa, na kosa hilo alijiona analo. Hakujua wao wanajua nini. Walijua yeye ndiye aliyesema zikeni. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, bega kwa bega nao. Mdomo ninao, hata Mama Sofia ananiogopa. Sikuufungua.

Wiki tatu amelima shamba la mama yake kama mtu anayetumikia kifungo. Anafyeka chini ya mikorosho tangu asubuhi, viganja vimechubuka, na vile ndivyo viganja vinavyosemesha watu themanini. Jumapili iliyopita kwaya ilimwomba awaongoze wimbo mmoja tu. Akasimama. Mikono ikapanda mpaka kifuani, ikakaa hapo, ikashuka. Akaomba radhi, akarudi kukaa. Kanisa zima likatazama sakafu.

Wale watu wa Ulaya wamempa hadi kesho, Ijumaa, awajibu. Jana mchana, tulipokuwa tunabangua karanga nyuma ya nyumba, akaniambia, "Bibi, nitawaambia hapana. Nikinyanyua mikono namwona Mama ananisubiri."

Nikaona basi, nimemzika na wa pili.

Nikamwambia yote. Sikuzunguka. Uji haukuwepo. Babu yako Lukasi hakukosea, mama zako wa ukoo hawakukosea, waliambiwa umekataa kuja, na aliyewaambia ni mimi. Wewe hukumwacha mama yako. Mimi ndiye niliyekuachisha. Pokea kazi yako, mama, nenda, hii hatia si yako, nirudishie ni yangu.

Nilidhani ukweli ungemfungua. Mzee mzima, bado nilidhani mambo ni mepesi hivyo.

Karanga bado ziko mkononi mwake. Kisha akauliza jambo moja, "Mama aliniulizia?"

Uongo wa mwisho ulikuwa umeshaiva mdomoni. Ningesema hapana mjukuu wangu, alilala tu, hakujua mtu. Au, alisema msimsumbue, mwacheni afanye kazi yake. Lingekuwa neno tamu. Angeishi nalo. Mungu anisamehe, nilikwisha kuvuta pumzi ya kulisema.

Nikasema, "Alikuulizia."

Jumatano, siku moja kabla hajafa, Esta alifumbua macho, "Mama, Tumaini yuko wapi?" Nikamjibu yuko njiani. "Amefika wapi?" Nikasema Dar. Akasema afadhali. Jioni akauliza tena, amefika wapi, nikasema Nangurukuru. Baadaye nikamfikisha Lindi. Nilikuwa namsafirisha mtoto kwa mdomo, kituo kwa kituo, na kila kituo mwanangu anajikaza kidogo, anavuta pumzi kumsubiri. Alhamisi kulipokucha akauliza kwa midomo tu, sauti hakuna. Nikamwambia, "Ndanda. Bado kidogo tu, Mama Tumaini, yuko Ndanda."

Akageuza uso kuelekea mlangoni.

Hivyo ndivyo alivyokufa, anatazama mlango.

Tumaini alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ndanda?"

Nikasema, "Ndanda."

Akazimwaga karanga kwenye ungo, taratibu, hata moja isidondoke. Akaingia ndani. Hakula, sikumwita.

Asubuhi hii jirani yangu, Mama Jofu, muuguzi aliyehamia kutoka Singida, ametoka zamu na kumkuta stendi. Anasema alikuwa amepanda gari la Masasi, kiti cha dirishani. "Nimemwamkia, hakunisikia. Kwani kuna nini, Bibi?" Nikamwambia nenda kalale, umechoka. Masasi panakwenda Dar, panakwenda na kwingine kote. Sijui anakwenda kupanda ndege au anakwenda mbali na mimi tu. Nimempigia mara mbili, simu inaita mpaka inakata. Mara ya tatu sikuthubutu.

Kisha nikampigia kaka Lukasi. Nimemwambia Jumapili baada ya ibada akusanye wanawake wote wa ukoo, na Mama Sofia akae mbele.

"Mama Esta, unaumwa?"

"Siumwi. Niliwaambia uongo juu ya maiti ya mwanangu, na mtoto amebeba matusi yangu. Nataka niyabebe mwenyewe, mchana, kila mtu anaona."

 Akasema, "Ulinifanya nimzike binti yangu bila mwanawe." Akakata.

Nitakwenda. Wataninyima mkeka, wataninyima chumvi, na wana haki. Nimekwisha kuzoea kuogopwa, sijui kama nitaweza kudharauliwa, kwa umri huu.

Mchana huu nilipika kisamvu, nikagundua nimepika cha watu wawili. Nikakifunika.

Kesho ni Ijumaa. Wale watu wa Ulaya watapata jibu lao, liwe ndiyo, liwe hapana. Wao wanaijua siku yao. Mimi siku ya kujibiwa na Tumaini sikupewa.