Dorah kanasa mitini

Mama Tulia, ngoja nikusimulie. "Mtu mzima anateleza kwenye theluji anatafuta nini?" Ndivyo jirani yake wa mtaa wa New Hope alivyomuuliza Dorah wetu wa kwaya. Laiti angemsikiliza.

Leo sisi wa kanisa tulikwenda mlimani kuteleza kwenye theluji. Unajua kanisani kwetu wanawake hatuvai suruali, basi Dorah akaivaa ndani kwa ajili ya baridi, juu sketi ndefu.

Mbao za kutelezea zikamkokota hadi katikati ya miti. Sketi ikanasa kwenye kisiki, theluji ikamfika kiunoni. Mbele haendi, nyuma harudi.

Tukamkuta, mimi na Ambakisye, mzee wetu wa kanisa. Nikavuta wee, haitoki. Nikasema avue sketi.

Mzee akasema, "Asivue. Tusubiri watu wa uokoaji." Akampa mgongo.

Dakika arobaini, mwenzangu. Arobaini, na waokoaji hawajafika. Dorah hasikii tena vidole, ameshaanza kumkabidhi Mungu roho yake. "Mzee, miguu inakufa." Mzee anajibu, "Vumilia, dada. Heshima kwanza."

Mwisho Dorah akafungua kifungo cha sketi mwenyewe, nikamvuta kwa mikono, akatoka na suruali yake.

Sasa hivi hapa mgahawani, tulikokuja kupata joto, mzee kamwambia mbele ya watu wote, "Umeonekana na suruali. Kuanzia Jumapili huongozi kwaya." Miaka sita anaiongoza, na tangu mumewe afariki hana kingine kinachomtoa nyumbani.

Dorah akaweka kikombe chini taratibu. "Mzee, zile dakika arobaini ulikuwa unanisitiri na nani? Na miti?"

Mzee akachukua kofia yake, akatoka.