Anayejibu Ni Shemeji

Ifakara, Jumanne jioni, Machi 1996

Wengi wetu tunaotoa ushauri nasaha hukosea kudhani kwamba anayekaa mbele yetu ndiye aliyetuchagua. Huku kwetu mtu huletwa na ndugu, na ndugu ndiye mwenye kuchagua.

Leo mjane Anjelina ameletwa tena na shemeji yake kutoka Kisawasawa.

"Shikamoo mwalimu. Arobaini imepita, bado analia tu. Mweleze akubali nimrithi."

Nikamuuliza Anjelina anataka nini.

"Anataka kutulia," akajibu shemeji.

"Bwana, sikukuuliza wewe."

Akacheka. "Mwalimu naye! Mke wa kaka yangu simjui?"

Anjelina akavuta khanga mpaka puani.

Mimi najulikana kwa kupatanisha wanaume waliogombana, na hao ndio ninaowaweza. Nashuku ndiyo maana shemeji kanichagua: anataka mzee wa kubariki alichokwisha kuamua. Tena marehemu alikonda mwaka mzima, na ugonjwa wenyewe hakuna anayeutaja. Kesho wanarudi kijijini, na huko nani atamuuliza tena?

Mama Tekla, mkunga mstaafu, wanawake humwambia yote.

Najiambia: nenda kwake jioni hii, umwombe akaonane na Anjelina peke yake.