Mbegu zangu ziko chini ya silanga

Kalondu! Mbegu zangu za ndengu ziko chini ya silanga. Chini ya maji ya bwawa, na mvua ndio hii inanguruma!

Ni Kathini wangu na boti yake ya rimoti, ile ya jerikeni. Mara ya kwanza ililalia upande wa betri kama mlevi. Akaweka soksi imejaa upande ule mwingine, ikasimama wima. Mimi mjinga napiga makofi!

Kufika katikati ikapinduka, ikazama. Nikauliza, "Soksi ilikuwa na nini?"

"Ndengu, Mama. Zile za kupanda."

"Kwani mawe yameisha Makueni?"

"Mawe yanabingirika, Mama. Ndengu inatulia."

Inatulia! Sasa imetulia kabisa!

Na anatengeneza ingine. Ameniuliza kama wewe umeshapanda. Funga stoo.